Saa za Ua la Parachichi: Namna ya Kusimamia Uchavushaji na Kutunga kwa Matunda katika Shamba la Hass

Wakulima wa parachichi aina ya Hass huko Njombe, Rungwe na Kilolo nchini Tanzania, na Murang'a nchini Kenya, wanalifahamu lalamiko hili: mparachichi umefunikwa na maua kiasi cha majani kutoonekana, lakini wiki chache baadaye ardhi chini yake imejaa maua makavu na matunda yaliyoshika ni ya kuhesabu. Hatua ya kwanza ya wengi ni kwenda duka la pembejeo kununua dawa ya majani inayosifiwa kuwa inazuia maua kudondoka. Mwongozo huu unapendekeza kuanza na jambo lisilo na gharama, yaani kujua saa ambazo maua ya shamba lako yanafunguka, hali ya joto ya saa hizo, na wadudu wanaoyatembelea.

Ifahamike kwanza kwamba kudondoka kwa maua mengi ni hali ya kawaida ya mmea huu. Mti uliokomaa huweza kutoa maua laki kadhaa, hata kufikia milioni moja, na kwa kawaida ni chini ya ua moja katika kila elfu linalofika kuwa tunda la kuvunwa. Mti wenye maua 500,000 ukikupa matunda 400 haujakuangusha, ingawa umepoteza maua 499,600. Dawa inayoahidi kuzuia maua yote yasidondoke inaahidi kitu ambacho matawi ya mti yenyewe yasingeweza kukibeba.

Namna ua linavyofanya kazi

Ua la parachichi lina upana wa takribani sentimita 1 na rangi ya kijani inayoelekea njano. Lina sehemu zote mbili, ya kiume na ya kike: vijiti 9 vyenye vifuko vya chavua (unga wa kiume wa ua), na katikati yake kijiti kimoja cha kike ambacho chini yake kuna yai moja tu, ndiyo sababu tunda zima huwa na kokwa moja. Kwa kutazama haraka, mtu angedhani kwamba ua la namna hiyo halihitaji msaada wa yeyote. Tatizo ni kwamba sehemu hizo mbili hazifanyi kazi kwa wakati mmoja. Ua hufunguka mara ya kwanza likiwa la kike, likakaa wazi kwa saa chache, likajifunga, kisha siku ya pili likafunguka tena likiwa la kiume, na baada ya hapo halifunguki tena. Mwenendo huu ulielezwa kwa kina mwaka 1923 na A. B. Stout, mtaalamu wa mimea wa Marekani aliyechunguza mashamba ya kusini mwa California.

Aina zote za parachichi huangukia katika makundi mawili kulingana na saa zake. Aina za kundi A, ambamo Hass imo, hufungua maua ya kike asubuhi, huyafunga kuelekea mchana, na maua hayohayo hufunguka yakiwa ya kiume mchana wa siku inayofuata. Aina za kundi B, ambazo mfano wake unaojulikana zaidi kwetu ni Fuerte, hufungua maua ya kike mchana, huyafunga jioni, na kuyafungua tena yakiwa ya kiume asubuhi ya siku ya pili. Kwa hiyo, katika siku yenye joto la kutosha, kati ya saa 3 na saa 6 asubuhi maua ya Hass yanahitaji chavua huku maua ya Fuerte yakiwa nayo tele, na mchana mambo hugeuka.

Kuzitofautisha hali hizi mbili kwa macho si kazi ngumu. Katika ua la kike, kijiti cha katikati kimesimama peke yake, ncha yake ni nyeupe na yenye unyevu, na vijiti vya kiume vimelala kuelekea nje huku vifuko vyake vikiwa vimefungwa. Katika ua la kiume, vijiti vya kiume vimesimama na kukizingira cha kike, vidirisha vidogo vya vifuko vimefunguka, na chavua ya njano inaonekana imenata juu yake. Ncha ya kijiti cha kike mara nyingi imeanza kuwa ya kahawia. Anayepata shida ya kuona atumie kioo cha kukuzia, au apige picha kwa simu na kuikuza.

Baridi inavyovuruga saa hizo

Maelezo ya hapo juu ni ya siku nzuri, na mashamba mengi ya Hass ya Afrika Mashariki yako katika miinuko ambako siku nzuri wakati wa maua hazina uhakika. Saa za ua hufuatwa vyema pale joto la mchana linapokaribia nyuzi 25 za selsiasi na la usiku likiwa karibu na 20. Joto likishuka chini ya hapo, ratiba yote huchelewa: maua ya kike ya Hass yaliyotarajiwa saa 3 asubuhi hufunguka saa 6 au saa 8 mchana, na yale ya kiume huchelewa kufunga. Hapo hutokea muda ambao mti mmoja una maua ya kike na ya kiume yaliyo wazi kwa pamoja, na nyuki akitoka kwenye moja kwenda jingine huchavusha Hass kwa Hass. Ndiyo maana mti mmoja wa Hass uliopandwa uani, bila jirani wa kundi B, bado huzaa.

Aina za kundi B huumizwa zaidi na baridi. Joto likibaki karibu na nyuzi 17 mchana na 12 usiku, Fuerte inaweza kukosa kabisa hatua ya kike, ikabaki inatoa chavua tu. Mkulima wa sehemu yenye baridi kali asishangae basi kuona Fuerte yake inazaa kidogo sana huku Hass iliyo karibu nayo ikinufaika.

Baridi hupunguza mavuno kwa njia nyingine mbili. Chavua ikishatua kwenye ncha ya kijiti cha kike huota mrija unaoshuka hadi kwenye yai, na mrija huo hukua polepole sana katika baridi, hata yai linaweza kuisha nguvu kabla haujafika. Zaidi ya hayo, nyuki wa asali huruka kwa shida joto likiwa chini ya nyuzi 12 au 13, na hawaruki katika mvua. Joto kali nalo lina madhara yake, kwa kuwa siku zinazopita nyuzi 33 huangusha maua na matunda machanga, lakini katika nyanda za juu hilo si adui wa kila mwaka.

Mkulima hana uwezo wa kubadilisha hali ya hewa, ila anao uwezo wa kuchagua mahali. Hewa baridi huteremka na kutuama mabondeni usiku, na sakitu (umande ulioganda) huanzia huko. Kwa hiyo miparachichi ipandwe kwenye miteremko ya katikati, na vinyungu (bustani) vya bondeni viachiwe mazao mengine. Miti ya kuzuia upepo ipandwe upande upepo unakotoka, lakini isifungwe kama ukuta upande wa chini wa mteremko, kwa kuwa itaizuia hewa baridi isitoke shambani. Katika shamba lililokwisha kukomaa, kupogoa matawi ya katikati ili jua la asubuhi liingie ndani ya mti husaidia maua ya ndani kupata joto mapema na nyuki kuyafikia.

Kuchunguza shamba lako mwenyewe

Chagua miti mitatu ya Hass iliyo sehemu tofauti za shamba, na mmoja wa kila aina nyingine uliyonayo. Katika kipindi cha maua mengi, ambacho kwa sehemu nyingi za nyanda za juu huwa kati ya Agosti na Oktoba, ipitie miti hiyo saa 3 asubuhi, saa 6 mchana, na saa 9 alasiri. Kila mara andika mambo matatu: maua yaliyo wazi ni ya kike, ya kiume au mchanganyiko, joto ni nyuzi ngapi, kwa kipimajoto kilichotundikwa kivulini, na wadudu gani wapo juu ya maua. Fanya hivyo katika siku mbili za jua na angalau moja ya mawingu, kwa sababu tofauti kati ya siku hizo ndiyo itakayokuonyesha uzito wa tatizo la baridi shambani mwako. Ili kuona ua lilelile likifunguka mara ya pili, funga uzi wa rangi kwenye kikonyo chake siku ya kwanza.

Kuna jaribio jingine dogo ambalo ningependa kila mkulima alifanye mara moja. Kabla maua hayajafunguka, funika vishada vichache kwa kipande cha chandarua kisichotiwa dawa, ukifunge vizuri kwenye tawi ili mdudu asiingie, na uweke alama kwenye vishada vingine vya mti huohuo vilivyoachwa wazi. Maua yakiisha, ondoa chandarua na uhesabu matunda machanga ya pande zote mbili baada ya mwezi mmoja. Chavua ya parachichi ni nzito na inanata, upepo hauibebi kwa kiasi cha maana, na kwa kawaida vishada vilivyofunikwa huishia na matunda machache mno au bila tunda. Mkulima aliyeyaona hayo kwenye mti wake mwenyewe hahitaji kushawishiwa tena kuhusu nyuki.

Miti ya kuchavusha: aina gani na wapi

Hapa pana kosa linalojirudia. Mtu huambiwa apande aina nyingine pamoja na Hass, naye hununua Pinkerton, Reed, GEM, Maluma au Lamb Hass. Zote hizo ni za kundi A, zinafuata saa zilezile za Hass, na mchango wake katika kuchavusha ni mdogo. Aina za kundi B ni kama Fuerte, Ettinger, Zutano, Bacon na Edranol. Kwa Kenya, Fuerte ndiyo chaguo rahisi kwa kuwa ina soko lake tangu zamani, na mti wa kuchavusha unalipia nafasi yake. Kwa Tanzania, ambako wanunuzi wa kuuza nje huitaka Hass kuliko kitu kingine, Fuerte au Edranol zitauzwa soko la ndani kwa bei ndogo, na gharama hiyo ihesabiwe tangu mwanzo. Jambo la kuangalia zaidi ni kama maua ya aina uliyochagua yanapishana na ya Hass kwa wiki kadhaa. Fuerte huanza mapema, na ikimaliza kabla Hass haijashika kasi haitakusaidia sana.

Maparachichi ya kienyeji yaliyoota kwa kokwa yasidharauliwe. Kila mti ni wa namna yake, baadhi ni wa kundi A na baadhi ni wa kundi B, na njia pekee ya kujua ni uchunguzi wa saa ulioelezwa hapo juu. Mti mkubwa wa kienyeji wa kundi B ulio mpakani mwa shamba unaweza kuwa na faida kuliko miche kumi mipya. Wapo wanaoogopa kwamba Hass iliyochavushwa na mti wa kienyeji itabadilika ladha au umbo. Hofu hiyo haina msingi: nyama na ganda la tunda hutokana na mti mama, na chavua ya mti mwingine huingia kwenye kokwa tu, jambo ambalo lina maana kwa anayetaka kuotesha kokwa hiyo, na halimhusu mnunuzi wa matunda.

Kuhusu idadi, mpango uliozoeleka ni mti 1 wa kundi B kwa kila miti 9, ukiwekwa kama mti wa tatu katika kila mstari wa tatu, ili kila Hass iguswe na mchavushaji upande wake mmoja au pembeni. Kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, ekari moja huingiza takribani miti 82, kwa hiyo utahitaji miti 9 ya kundi B. Katika mashamba makubwa huwa rahisi zaidi kutenga mstari mzima, kwa kuwa wavunaji hawatachanganya matunda. Shamba lililokwisha kupandwa Hass tupu haling'olewi. Bebesha (unganisha) tawi moja la juu, lenye jua, kwa kikonyo (kipande cha tawi) cha Fuerte katika miti iliyopangwa kwa mpango huohuo, na ulipake tawi hilo rangi nyeupe ili lisije likakatwa wakati wa kupogoa wala matunda yake yasiingie kreti ya Hass.

Nyuki na wenzao

Ua la parachichi halimvutii sana nyuki wa asali. Nekta yake ina sukari iitwayo perseitoli, ambayo nyuki hawaipendelei, na mkaratusi, mgrivea au kahawa ikichanua karibu, kundi kubwa litahamia huko. Kwa sababu hiyo mizinga iletwe shambani pale takribani asilimia 10 ya maua yamekwisha kufunguka, wala isiletwe mapema. Nyuki waliofika kabla ya maua hujifunza chakula cha mbali na kukishikilia. Mizinga 2 hadi 4 yenye makundi yenye nguvu kwa kila ekari ni kiwango cha kuanzia, na mzinga mmoja wenye nyuki wengi na majana (watoto wa nyuki) wanaohitaji kulishwa ni bora kuliko mitatu iliyo nusu tupu.

Nyuki wetu wa Afrika ni wakali, na hilo lizingatiwe bila mzaha. Mizinga ihamishwe usiku, iwekwe mbali na nyumba, njia za watu, mabanda ya mifugo na mahali wavunaji wanapokusanyika, mlango ukitazama jua la asubuhi. Itundikwe kwa waya uliopakwa grisi ili kuzuia siafu, na juu ya kimo cha nyegere. Maji safi yawepo karibu, kwenye beseni lenye mawe au vijiti vya kutua, la sivyo nyuki watayafuata bombani kwa jirani.

Nyuki wa asali hawafanyi kazi hii peke yao. Nyuki wadogo wasiouma, nyigu na nzi wa namna mbalimbali, hasa wale wenye mistari ya njano wanaoelea hewani mbele ya maua, huchavusha parachichi, na nzi hufanya kazi hata katika asubuhi ya baridi ambayo nyuki wamejifungia. Hawa hawaletwi kwa mzinga; hukaa pale penye vichaka vya mpakani, magogo yanayooza, udongo usiolimwa na maua ya porini mwaka mzima. Utaratibu ninaoupendelea ni kuacha mipaka iwe na mimea ya asili, lakini kufyeka magugu yaliyochanua chini ya miparachichi wiki ya kwanza ya maua, ili chakula kilicho karibu zaidi kiwe ua la parachichi lenyewe. Kama kipimo cha haraka, zunguka mti mkubwa uliochanua katika saa za joto na uhesabu: ukiona nyuki chini ya watano kwa mti mzima, una upungufu.

Viuatilifu wakati wa maua

Kanuni ni kutopulizia dawa ya kuua wadudu tangu maua yanapoanza kufunguka hadi yanapokwisha. Nondo na nzi wa matunda wanaotishia soko la nje hushambulia tunda, hivyo kazi yao inaweza kusubiri mitego na usafi wa shamba. Ukilazimika kabisa, kwa mfano vithiripsi (wadudu wadogo sana wanaoshambulia maua na majani) wakizidi, soma lebo, ukwepe dawa iliyoandikwa kuwa ni sumu kwa nyuki, pulizia jioni nyuki wakisharudi mzingani, na umjulishe mwenye mizinga siku moja kabla. Dawa zinazosafiri ndani ya mmea hazifai hata zikiwekwa kabla ya maua, kwa kuwa huweza kufika kwenye nekta. Huko Murang'a, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kimefanya kazi na wakulima wa Hass kuunganisha udhibiti wa wadudu waharibifu na ulinzi wa wachavushaji, na huo ndio mwelekeo wa kufuata.

Maji na lishe

Mizizi inayolisha mparachichi iko juu juu, sehemu kubwa ndani ya sentimita 30 za kwanza, na wakati wa maua mti hupoteza maji zaidi kwa kuwa maelfu ya maua nayo yanavukiza. Kwa kuwa msimu huo kwa wengi wetu ni kiangazi, matandazo mazito ya nyasi kavu au majani, yaliyoachwa kitambo kidogo kutoka kwenye shina, ni kazi ya kufanywa kabla ya Agosti. Anayemwagilia amwagilie kidogo na mara kwa mara, kwa kuwa udongo uliotuama maji hukaribisha uozo wa mizizi.

Katika virutubisho, boroni ndiyo inayohusika moja kwa moja na kukua kwa mrija wa chavua, na udongo wenye tindikali uliosafishwa na mvua nyingi mara nyingi hauna ya kutosha. Hata hivyo, kipimo kinachotosha na kinachounguza havipishani sana. Pima majani yaliyokomaa katika maabara ya udongo na mimea kwanza. Ukithibitisha upungufu, pulizia kwa kipimo cha lebo pale kishada kinapofanana na koliflawa, kabla maua hayajafunguka. Usiichanganye na urea katika pampu moja, kwa sababu majaribio ya California yalionyesha kwamba mchanganyiko huo unaweza kuzalisha maua yenye kasoro. Nitrojeni nyingi nayo huleta shida: kwenye ncha ya vishada vingi vya Hass kuna chipukizi la majani, na mti uliorundikiwa mbolea hulisukuma kwa nguvu wakati uleule ambao matunda machanga yanahitaji chakula.

Baada ya maua

Wimbi la kwanza la kudondoka huja ndani ya wiki tatu au nne na huchukua hasa maua ambayo hayakurutubishwa. La pili huchukua matunda yaliyoshika ambayo mti hauwezi kuyabeba yote. Okota matunda machache yaliyodondoka na uyapasue. Yakiwa na kokwa changa lililo zima, uchavushaji ulifanyika, na sababu itafutwe kwenye maji, joto au ushindani wa majani. Matunda membamba yasiyo na kokwa, yanayofanana na matango madogo, yakiwa mengi juu ya mti, hiyo ni dalili kwamba urutubishaji ulikatika njiani, na mara nyingi baridi ndiyo chanzo.

Mwisho, angalia tarehe ya kuvuna. Hass huweza kuning'inia mtini kwa miezi baada ya kukomaa, na mkulima anayesubiri bei huvutiwa kuyaacha hadi maua mapya yatokeze. Matunda hayo ya zamani hula akiba ileile ambayo maua yangeitumia, na mti huingia katika mtindo wa kuzaa sana mwaka huu na kidogo mwaka unaofuata. Mara maabara au mnunuzi akithibitisha kwamba tunda limefikia ukavu unaotakiwa (sehemu ya uzito wake isiyo maji), vuna kwanza miti iliyobeba zaidi, na uhakikishe imebaki mitupu kabla vishada vipya havijaanza kuvimba.